Hakuna jini aliyezuia barabara Iceland

Ile video imerudi tena. Safari hii nimeipata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, imebandikwa maneno makubwa ya njano: "Wazungu wasimamisha barabara wakiogopa majini." Chini yake vicheko vimepangana, mjomba mmoja kaandika "halafu washirikina ni sisi," na binamu yangu anayefanya kazi ya upimaji ardhi akauliza swali moja tu: "Hiyo barabara hatimaye ilijengwa au haikujengwa?" Hakuna aliyemjibu. Tangu volkano za rasi ya Reykjanes zianze kulipuka upya mwaka 2021, Iceland haikauki kwenye simu zetu, na kila picha ya moto inapopita, nyuma yake hufuata habari hii ya viumbe wa mawe wanaotia serikali kiwewe. Wanaoicheka na wanaoisifia wote wanaanza na jambo lilelile ambalo halikutokea.

Barabara ilijengwa. Magari yanapita humo hivi sasa. Na hoja yangu inaanzia hapo: viumbe wa asili wa ngano za Kigermanik, kuanzia hao wa Iceland hadi wale wa misitu ya Ujerumani, si ushahidi kwamba taifa tajiri limebaki na woga wa kale, na wala hawajawahi kuwa askari wa mazingira. Ni lugha ya adabu kati ya mtu na mahali, namna ya kusema kwamba hapa pana mwenyewe, piga hodi kwanza. Lugha hiyo inaweza kuokoa jiwe. Ikibebeshwa kazi nzima ya kutetea ardhi inashindwa, na mara nyingine inawafaa zaidi walewale inaodhaniwa kuwazuia.

Kwanza kisa chenyewe. Gálgahraun ni uwanda wa lava iliyoganda katika mji wa Garðabær, kusini kidogo ya Reykjavík. Lava hiyo ilimwagika kutoka kreta ya Búrfell yapata miaka 8,000 iliyopita, na leo ni mawimbi ya mawe meusi, yamepasukapasuka, yamefunikwa na mimea laini ya kijivu na kijani ambayo mguu ukikanyaga unazama. Mchoraji Jóhannes Kjarval, ambaye kwa Waiceland ni mtu mkubwa sana, alikuwa akienda kuyachora mawe hayo. Serikali ilitaka kupitisha humo barabara mpya ya kwenda rasi ya Álftanes, yalipo pia makazi rasmi ya rais. Mashirika manne ya mazingira, likiwemo moja linaloitwa Hraunavinir, yaani Marafiki wa Lava, yalikwenda mahakamani. Hoja zao zilikuwa za kawaida kabisa, za aina ambayo wakili yeyote wa Dodoma au Nairobi angezitambua: tathmini ya athari kwa mazingira ni ya zamani mno, kibali cha ujenzi kina walakini, lava ya namna hii inalindwa na sheria, na barabara iliyopo ingeweza kuboreshwa. Tarehe 21 Oktoba 2013, kesi zikiwa bado hazijaisha, tingatinga liliingia. Watu wakakaa chini mbele yake. Polisi waliwabeba mmoja mmoja, mikono na miguu, akiwemo Ómar Ragnarsson, mtangazaji wa televisheni anayejulikana nchi nzima, mzee wa miaka 73.

Miongoni mwa waandamanaji alikuwepo mama mmoja anayesema kwamba anawaona huldufólk, watu waliofichika, na kwamba mwamba mmoja katika njia ya barabara, Ófeigskirkja, ni kanisa lao. Hilo ndilo lililoipata dunia. Desemba ya mwaka huo shirika kubwa la habari la Marekani lilituma habari ya viumbe wanaopambana na barabara, magazeti ya kila bara yakaichapa, na tangu hapo Marafiki wa Lava, tathmini iliyopitwa na wakati na mzee aliyebebwa na polisi vimetoweka. Amebaki jini.

Nimesema jini, nami nimekosea makusudi, kwa sababu tafsiri ni sehemu ya tatizo. Jini tunalolijua sisi ni kiumbe wa uumbaji mwingine, ameumbwa kwa moto, na kwa desturi za pwani anaweza kumpanda mtu kichwani, akadai kilemba na ubani, akatolewa kwa ngoma. Huldufólk hampandi mtu. Jón Árnason, aliyechapisha ngano za Iceland mwaka 1862 hadi 1864, ana kisa cha asili yao. Mungu alikwenda kumtembelea Hawa. Hawa alikuwa hajamaliza kuwaogesha watoto, akaona aibu, akawaficha wale wachafu na kuwatoa wasafi. Mungu akauliza kama hao ndio wote. Hawa akasema ndio hao tu. Mungu akasema: uliowaficha mbele yangu watafichika mbele ya watu. Kwa hiyo huldufólk ni ndugu zetu wa tumbo moja, ambao hawakuoga kwa wakati. Wana ng'ombe, wanakata majani, wanavua samaki, wanakwenda kanisani Jumapili, na kosa kubwa dhidi yao ni lile ambalo ni kosa kubwa dhidi ya jirani yeyote: kumbomolea nyumba, kumrushia mawe, kumfanyia fujo usiku. Kama ningelazimishwa kuchagua neno la Kiswahili ningeacha jini nikachukua mzimu, kwa ile maana ya zamani ya mahali penye mwenyewe, ambapo mtu hapiti akipiga mluzi.

Maana hii ya mahali ndiyo uti wa mgongo wa mila nzima, na ni ya kale kuliko Iceland yenyewe. Mwaka 98 BK Mroma Tacitus aliandika kwamba makabila ya Kigermanik hayakuona inafaa kuifungia miungu ndani ya kuta, bali yaliweka wakfu vichaka na misitu. Anataja msitu wa kabila la Semnones ambamo mtu hakuruhusiwa kuingia ila amefungwa kamba, ili akiri udogo wake, na akianguka haruhusiwi kusimama wala kuinuliwa. Anatoka nje akibiringika chini. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na kila mara naona uso wa mtu mzima, mwenye cheo chake, anabiringika juu ya majani makavu hadi mpakani. Wamisionari waliokuja baadaye walielewa vizuri kwamba vita yao ilikuwa na mahali kabla ya kuwa na imani. Yapata mwaka 723 Bonifas aliukata mwaloni wa Donar, mungu wa radi, huko Geismar, Hesse, na mbao zake akajengea kanisa dogo. Mwaka 772 Karolo Mkuu akaiangusha Irminsul, nguzo takatifu ya Wasaksoni.

Miti ikaanguka lakini adabu ilibaki, ikajificha kazini. Mkata kuni wa Ujerumani ya kati alichonga misalaba mitatu juu ya kisiki, ili watu wadogo wa msituni, Moosleute, wapate pa kukaa salama wanapokimbizwa na mwindaji wa usiku. Norwei na Denmark mkulima alimwekea nisse, kiumbe mdogo wa zizini, bakuli la uji wa Krismasi lenye siagi juu, na ole wake akisahau siagi. Wilhelm Mannhardt, mtafiti wa karne ya 19, alituma hojaji za desturi za mavuno kote Ujerumani na nje yake, kisha vita vilipoleta mateka karibu na Danzig, Gdańsk ya leo, akaenda kuwahoji wafungwa wenyewe, askari wa Denmark, Austria na Ufaransa, juu ya nini husemwa kwao upepo ukipita shambani. Jibu lilirudiarudia: mbwa mwitu anapita kwenye ngano. Watoto waliambiwa kwamba ndani ya shamba amekaa bibi wa nafaka, atawakamata. Mtu yeyote aliyewahi kulima anajua kwa nini: shamba likikanyagwa na watoto kabla ya kuvunwa, hasara. Kisima nacho kilikuwa na Nix wake, kiumbe wa majini, kwa sababu hiyohiyo: watoto wasisogelee.

Iceland inaingia hapa na kisa ambacho kwangu ndicho kiini cha jambo zima. Sheria ya kwanza ya nchi hiyo, inayohusishwa na Úlfljót na kuwekwa karibu na mwaka 930, inasemekana ilianza kwa kuagiza kwamba mtu asifikie pwani akiwa na kichwa cha joka kwenye omo ya chombo chake. Akiwa nacho, akiondoe kabla nchi haijaonekana, asije na domo lililo wazi akawatisha landvættir, wenye nchi wasioonekana. Wasomaji wa pwani yetu hawahitaji kufafanuliwa. Mgeni anayeingia uani kwa watu hapigi kelele, anavua anachovua, anabisha hodi, anangoja. Wenye nchi hao wamo hadi leo: joka, ndege, fahali na jitu wanaishikilia ngao ya taifa, na wanaonekana kwenye sarafu.

Sasa hoja za kila upande. Ya kwanza ni ile ya kwenye kundi letu, na ya magazeti mengi ya Ulaya pia ingawa wao huisema kwa upole: kwamba Waiceland wanaamini. Takwimu inayozungushwa ni ya kura ya gazeti la DV ya mwaka 1998, ambapo zaidi ya nusu ya waliochagua jibu, asilimia 54, walisema wanaamini. Lakini hilo ni jibu la swali la ndiyo au hapana. Mtafiti wa ngano Terry Gunnell wa Chuo Kikuu cha Iceland alipoongoza utafiti uliochapishwa 2007 na kuwapa watu ngazi za kuchagua, waliosema wana hakika walikuwa asilimia 8. Waliosema huenda ikawezekana walikuwa 37, na waliosema haiwezekani kabisa 13. Yaani wengi hawasemi "naamini." Wanasema "siwezi kukataa," na hayo ni maneno mawili tofauti, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuulizwa usiku barabarani kama anaogopa. Ukitaka kuona imani yenyewe ilivyokuwa, nenda Uswidi mwaka 1691, ambako kijana wa miaka 22 alihukumiwa kifo kwa kosa la kulala na skogsrå, mwanamke wa msituni. Pale mahakama iliamini. Kuiweka Iceland ya leo kwenye kapu moja na mahakama ile ni uvivu, na ndiyo maana naiita hoja hii kuwa dhaifu kuliko zote. Haiwezi hata kueleza tukio lake yenyewe: kama serikali ingekuwa inaogopa, isingepitisha barabara.

Hoja ya pili, kwamba ni biashara ya utalii tu, ina ukweli wake. Reykjavík kuna shule ya kufundisha habari za viumbe hawa kwa ada, na mji wa Hafnarfjörður una ramani ya makazi yao. Ujerumani walitangulia zamani. Yule Loreley anayeketi juu ya mwamba wa mto Rhine akichana nywele na kuzamisha mabaharia, ambaye mamilioni hupanda mashua kwenda kumtazama wakidhani ni wa tangu enzi na enzi, alibuniwa na mshairi Clemens Brentano mwaka 1801. Lakini uwanja wa Álfhóll, kilima kidogo katika mji wa Kópavogur ambacho barabara ya mtaa hujibana kukipisha, haukuzaliwa na watalii. Barabara hiyo ilianza kujengwa katika miaka ya 1930, wakati watalii wa kuwauzia ramani hawakuwepo.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, na inanivuta hata mimi: kwamba hii ni hekima ya mazingira, watu walioiona ardhi ina wenyewe hawakuiharibu, na sayari ingepona kama tungerudi huko. Nimeipenda muda mrefu. Kinachoniondoa kwake ni msitu. Walowezi walipofika Iceland mwishoni mwa karne ya 9, makadirio yanasema miti ya betula ilifunika kati ya robo na asilimia 40 ya nchi. Walikuwa na landvættir, walikuwa na sheria ya vichwa vya majoka, walipiga hodi kwa heshima zote. Kisha wakakata kwa makaa, wakaachia kondoo, na kufikia katikati ya karne ya 20 ilibaki asilimia 1 hivi. Wenye nchi hawakusema kitu. Wala hawakusema kitu bwawa la Kárahnjúkar lilipojengwa mashariki mwa nchi, ukuta wa karibu mita 200 na ziwa lililozamisha kilomita za mraba 57 za nyanda za juu, ili kuzalisha megawati 690 kwa ajili ya kiwanda kimoja cha alumini. Jiwe lina jina na kisa, na bibi aliyekisimulia anakumbukwa. Nyanda za juu ambako hakuishi mtu hazina kisa, hivyo hazina mwenyewe. Lugha hii inalinda kile tu ambacho watu waliishi nacho karibu. Na kuna upande mbaya zaidi: mwaka 1935 Himmler, mkuu wa SS wa Hitler, alianzisha taasisi ya Ahnenerbe, na wasomi wake waligeuza misitu na ngano hizihizi kuwa uthibitisho kwamba ardhi ni ya damu fulani na wengine ni wavamizi. Ukishasema hapa pana mwenyewe, lazima useme pia ni nani anayeruhusiwa kumsemea.

Nini basi lugha hii inafanya vizuri? Twende Siglufjörður, mji wa wavuvi kaskazini kabisa. Agosti 2015 mvua kubwa ilishusha tope barabarani, na wafanyakazi waliosafisha wakaumwaga uchafu juu ya mwamba uitwao Álfkonusteinn, jiwe la mama wa waliofichika, bila kujua. Baada ya hapo mambo yakaharibika kwa mfululizo: barabara ikafurika, mashine zikavunjika, mtu mmoja akaumia, mwandishi wa habari aliyekuja kutazama akatumbukia matopeni. Mji ukaiomba mamlaka ya barabara ilifukue. Mwaka 2016 walikuja, wakalichimbua, kisha wakaliosha kwa mpira wa maji ya kasi mpaka likang'aa. Hebu mtazame huyo mfanyakazi, kavaa koti la kuakisi mwanga, anaogesha jiwe kwa saa za serikali. Haijalishi anaamini nini. Sheria ya urithi wa utamaduni ya mwaka 2012 inalinda mahali panapohusishwa na imani za watu pakiwa na umri wa zaidi ya miaka 100, kama inavyolinda kaburi la kale. Jiwe lina jina, mji unalikumbuka, na aliyelimwagia uchafu bila kuuliza anarudi kusafisha. Mhandisi amelazimishwa kuongea na wenyeji juu ya kitu ambacho kwenye mchoro wake kilikuwa kifusi. Mamlaka hiyo ya barabara ilikuwa hata na jibu lililoandaliwa kwa waandishi wa kigeni, ambalo kwa kifupi linasema: hatuna msimamo juu ya kuwepo kwao, lakini tukiweza kusubiri au kusogea kidogo, tunasogea.

Kusogea kidogo. Hapo ndipo penye faida na penye mtego. Barabara ya Kópavogur inajibana, haiondoki. Mwanasiasa Árni Johnsen alipopona ajali ya gari mwaka 2010 na kusema waliokaa kwenye jiwe la karibu ndio waliomwokoa, jiwe la tani 30 lilihamishiwa kisiwani kwake, na barabara ikaendelea. Kwa dola, kiumbe wa jiwe ni mdai mwepesi kuliko wote. Haombi tathmini mpya wala hakati rufaa, na gharama yake ni kreni ya siku moja. Zaidi ya hayo anafurahisha: akitajwa tu, mgogoro wa vibali unageuka kichekesho cha kimataifa, na kila mwenye hoja ya sheria anaonekana mpiga ramli. Wale Marafiki wa Lava walilisema hili wenyewe, kwamba kesi yao haikuwa ya viumbe. Hawakusikika. Mwandishi anayeanza na jini anamfanyia kazi mkandarasi, hata kama hajalipwa, na sisi tunaosambaza video tunamsaidia kubeba mzigo.

Kwa hiyo, binamu, jibu la swali lako ni hili. Machi 2015, barabara ikiwa imeshapita, mwamba wa Ófeigskirkja wenye tani 70 hivi ulinyanyuliwa kwa uangalifu mkubwa na kuwekwa pembeni, pamoja na mawe mengine ambayo yule mama alisema ni jamaa za mwamba huo. Mamlaka ilisubiri, ikashauriana naye, ikagharamia. Watu tisa kati ya wale waliokaa chini mbele ya tingatinga walishtakiwa, na mahakama ikawatia hatiani kwa kukaidi amri ya polisi.